Mwacheni Mtoto wa Koni Aeleze

Ndugu wazazi na waalimu wa Koni, nanyi mlioko Mwadingusha, Kambove na Likasi mjini,

Nawaandikia juu ya aya moja. Sentensi sita, saba, pengine nane, zisizozidi nusu ya ukurasa wa kaye, ambamo mtoto wa darasa la tano au la sita anamweleza mtu mwingine jinsi kitu fulani kinavyofanya kazi, au kwa nini jambo fulani linatokea. Hadithi watoto wetu wanazijua. Wamelala nazo tangu wakiwa wadogo. Barua ya kumwomba mjomba viatu vya shule nayo wanaiweza. Kinachowashinda wengi ni maelezo: kuchukua kitu wanachokijua na kukipanga kwa maandishi mpaka mtu asiyekijua akielewe, bila mwandishi kusimama kando yake na kumwonyesha kwa kidole.

Ninachoomba nakisema mapema. Watoto wa Koni wafundishwe kuandika maelezo kwa kutumia Koni yenyewe, na sisi watu wazima tukubali kuwa wasaidizi wa mwalimu na wasomaji wa watoto. Mtoto hujifunza kueleza akiwa na kitu anachokifahamu na msomaji ambaye kweli hakifahamu. Kimoja kikikosekana, anabaki kunakili tu.

Kitu cha kueleza Koni kipo, tena kikubwa. Mto Lufira unazuiliwa Mwadingusha, na maji yaliyozuiliwa hapo ndiyo yaliyozaa ziwa Tshangalele. Mtambo wa umeme wa Mwadingusha ulianza kazi mwaka 1930. Maji yaleyale, yakishatumika kule juu, yanaendelea na mto hadi Koni, na hapo yanafanyishwa kazi mara ya pili katika mtambo uliozinduliwa mwaka 1950. Mashine zake tatu ziliundwa kutoa jumla ya megawati 42. Mitambo yote miwili ilijengwa kwa ajili ya migodi na viwanda vya kampuni ya Union Minière. Likasi yenyewe iliwahi kuitwa Jadotville, jina lililodumu mpaka 1966. Bila maji ya Lufira, tanuru na matangi ya Likasi yangekuwa na historia nyingine kabisa.

Mtoto anayezaliwa Koni anausikia mngurumo wa mashine hizo kabla hajajua kutembea. Anaona nguzo na nyaya zinavyokatiza msitu. Ana jirani, baba au babu aliyeshika zamu ya usiku kwenye jengo la mashine. Lakini mpe kaye na biki, mwambie aeleze maji yanavyogeuka umeme, utapata sentensi mbili na kisha kimya. Ujuzi anao, tena mwingi. Hajawahi kuombwa autumie darasani.

Maana darasani tunajua mambo yanavyokwenda. Mwalimu anaandika aya ya mfano ubaoni, watoto wanainakili, wanaikariri, na siku ya mtihani wanairudisha ilivyo. Mada mara nyingi zinatoka katika vitabu vya mbali: bahari, treni, majira manne yenye theluji. Mtoto anayeandika juu ya bahari asiyowahi kuiona afanye nini zaidi ya kukariri? Namheshimu mwalimu anayefanya hivyo, kwa sababu najua ana watoto wangapi mbele yake. Tangu Septemba 2019, serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi ya bure iliyoahidiwa na Katiba ya 2006, watoto waliokuwa wakibaki nyumbani kwa kukosa pesa waliingia shuleni, na hilo ni jambo la kushangilia. Madarasa hata hivyo hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu mwenye watoto sitini na ubao mmoja anatafuta njia inayowezekana, na kunakili kunawezekana.

Gharama yake inaonekana baadaye. Mwanafunzi anafika mwaka wa mwisho wa humanites, anakutana na mtihani wa insha ndefu ya Kifaransa unaotangulia Examen d'État, na hapo anatakiwa kutoa wazo, kulifafanua, kulitetea na kulipanga. Wengi wanafika na utangulizi waliokariri, unaofaa kila mada na usiosema lolote juu ya mada yoyote. Aliyenakili kwa miaka kumi na miwili hatajifunza kufikiri kwa kalamu katika miezi ya mwisho. Kazi hiyo inaanza darasa la nne, la tano, la sita, na inaanza na aya moja.

Niruhusuni niwaonyeshe aya yenyewe kwa karibu, maana hapa ndipo penye utamu.

Chukueni mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyeambiwa aeleze mtambo wa Koni. Mara ya kwanza anaandika hivi, kwa Kiswahili cha nyumbani: "Mayi ya Lufira iko na nguvu. Inazungusha mashine. Umeme inatoka, inaenda Likasi. Umeme iko muzuri sana. Tunashukuru."

Mwalimu mwenye haraka atachukua kalamu nyekundu na kurekebisha "mayi" na "muzuri", ataweka alama tano juu ya kumi, na somo litakuwa limeisha. Mtoto atajua kwamba alikosea herufi. Hatajua kwamba bado hajaeleza kitu.

Sasa fikirini kaye ileile ikisomwa kwa sauti mbele ya darasa, na wenzake wakapewa ruhusa ya kuuliza, maana kuuliza si ujinga. Mmoja anauliza: maji yanaizungushaje mashine, yanaigusa wapi? Mwingine: hayo maji yakishageuka umeme, mto unabaki na nini? Swali hili la pili watu wazima watalicheka, lakini ni swali zuri kuliko yote, kwa sababu watoto wengi wanadhani kweli kwamba maji yanaisha kwa kugeuka umeme, na aya ya kwanza haikuwa na neno hata moja la kuwaondoa katika dhana hiyo. Wa tatu anauliza kwa nini mwezi wa kumi, kabla ya mvua, watu wanasema maji ya mtambo yamepungua. Wa nne anataka kujua "tunashukuru" kunaeleza nini.

Mtoto anarudi nyumbani na maswali manne. Anamwuliza babu, anamwuliza jirani aliyewahi kuwa fundi. Siku ya tatu anaandika tena:

"Mtambo wa Koni unatumia uzito wa maji kutengeneza umeme. Maji ya Lufira yanazuiliwa juu, kisha yanaingizwa katika mabomba makubwa yanayoshuka hadi kwenye jengo la mashine. Kwa kuwa yanatoka juu sana, yanafika chini na nguvu nyingi na kusukuma gurudumu la chuma linaloitwa turbini. Turbini imeunganishwa na jenereta, kwa hiyo ikizunguka, jenereta nayo inazunguka, na humo ndimo umeme unamopatikana. Maji hayapotei, yakimaliza kazi yanarudi mtoni. Ndiyo maana maji ya mto yakipungua, umeme nao unapungua, hata kama mashine zote ni nzima."

Tazameni kilichotokea. Sentensi ya kwanza inamwambia msomaji atapewa nini, na zote zinazofuata zinalipa deni hilo. Mpangilio unafuata njia ya maji kutoka juu hadi chini, kwa hiyo msomaji hapotei. Neno "turbini" halikurushwa tu. Kwanza tumeona gurudumu likisukumwa, ndipo tukapewa jina lake. "Kwa kuwa", "kwa hiyo" na "ndiyo maana" zimekuja kwa sababu mtoto alikuwa na sababu na matokeo ya kuunganisha, wala hakuna aliyemlazimisha kuzipachika. Sentensi ya "maji hayapotei" imezaliwa na swali la mwenzake. Na shukrani zimeondoka zenyewe, kwa kuwa aya ilishapata la kusema.

Hakuna kitabu cha kanuni kilichofanya kazi hiyo. Kanuni zina mahali pake, na mwalimu atazitaja: sema jambo lako mapema, lifuate mpaka liishe, usiingize jambo la pili katika aya hiyohiyo. Lakini mtoto aliyeambiwa kanuni kabla ya kuwa na la kueleza anaandika aya yenye umbo zuri na tumbo tupu. Maswali ya msomaji ndiyo yanayofundisha umbo.

Kwa hiyo wito wangu wa kwanza uwafikie nyinyi mnaofanya kazi kwenye mtambo, na hasa nyinyi mliostaafu. Mwalimu wa darasa la sita hajasomea mitambo ya umeme. Nyinyi mmekaa nayo maisha yenu yote. Nawaomba mtoe saa moja, hata mara moja tu katika muhula, mkae mbele ya darasa na kuulizwa. Narudia: kuulizwa. Msije na hotuba. Njooni na kitu cha kushika mkononi, kipande cha waya wa shaba, kikombe cha kauri kilichovunjika kutoka kwenye nguzo, boliti nzito ya zamani, mkiweke mezani na mngoje maswali. Mtoto akiuliza jambo msilolijua, mwambieni hamlijui, na mtafute jibu pamoja naye. Kuingia kwenye jengo la mashine ni jambo la wakubwa wa kazi na sheria za usalama, na hakuna anayeomba watoto wapelekwe huko ovyo. Maelezo yanawezekana kabisa kwenye benchi la darasa.

Msiogope pia maswali yanayouma. Mtoto atauliza kwa nini kijiji kilicho karibu na mtambo kinaweza kukaa gizani huku nyaya zikipita juu ya paa zake kwenda mbali. Jibu lipo, na linaelezeka: umeme unaotoka kwenye mtambo unapandishwa volti ili usafiri mbali, na hauwezi kuingia nyumbani mpaka ushushwe kwa transfoma na kusambazwa kwa nyaya nyingine zinazogharimu pesa. Nani aliamua pesa hizo ziende wapi, hilo ni swali linalofuata, na mtoto aliyejifunza kueleza la kwanza ataliuliza la pili kwa adabu na kwa hoja. Mimi nafurahi nikifikiri mji wenye vijana wa namna hiyo.

Koni si mtambo peke yake. Mama anayekausha samaki wa Tshangalele ana aya kamili mikononi mwake: kwa nini anampasua samaki kabla ya kumwanika, kwa nini chumvi, kwa nini moshi, nini kinaharibika akikosea siku moja. Mama anayeloweka mihogo anajua ni siku ngapi na kwa nini. Mchoma makala anajua kwamba kuni zikipata hewa nyingi zinageuka majivu, ndiyo maana rundo linafunikwa kwa majani na udongo na kuachiwa matundu machache, liungue polepole. Mtoto akiieleza kazi hiyo hatua kwa hatua, atafika mwenyewe mahali pa kueleza kwa nini msitu unazidi kuwa mbali na nyumba mwaka baada ya mwaka. Mama zangu, mtoto akija na kaye na kuanza kuwauliza mambo ya jikoni, msimfukuze. Yuko kazini.

Neno moja juu ya lugha, kwa sababu najua litaulizwa. Aya hizi zianze kwa Kiswahili. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inatambua lugha zetu za taifa kuwa lugha za kufundishia katika miaka ya mwanzo ya shule ya msingi, na Kiswahili ni mojawapo kati ya hizo nne. Kifaransa kitafuata, na lazima kifuate, maana mitihani iko huko. Ila mtoto anayepambana kwa wakati mmoja na wazo gumu na lugha ngumu huacha wazo, anashika lugha. Akishapanga maelezo yake ya turbini kwa Kiswahili, kuyaandika kwa Kifaransa kunabaki kuwa kazi ya maneno tu. Mpangilio anao tayari. Na rasimu ya kwanza iruhusiwe kuwa ya Kiswahili chetu cha Katanga, na "mayi" yake na "bantu" yake. Kiswahili cha kitabu kiingie kwenye rasimu ya pili, kwa upole.

Katika hili Katanga haianzi leo. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa ajili ya chama cha watumishi wa nyumbani, wale waliokuwa wakiitwa maboi. Iliandikwa kwa Kiswahili cha hapa, ikapigwa taipu na kurudufiwa. Inaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, na ndani yake watu waliopika, waliofua na waliolea watoto wa wenyewe wanaeleza jinsi mji ulivyoanza na jinsi ulivyowatendea. Mtaalamu Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990, tahajia yake ilikuwa mbali na ya vitabu kiasi kwamba ilibidi mzawa wa lugha aisome kwa sauti kwanza ndipo ieleweke vizuri. Ikisomwa kwa sauti, kila kitu kilikuwemo. Waandishi wake hawakungoja Kiswahili chao kisafishwe ndipo waeleze wanachokijua, na leo wanahistoria wa dunia nzima wanakwenda kwao kujifunza. Nawaomba waalimu wawasimulie watoto habari za kitabu hicho.

Wapo na wengine wa kutukumbusha kwamba kuandika insha kwa Kiswahili kuna wazee wake. Shaaban Robert wa Tanga, aliyejulikana zaidi kwa mashairi, alitoa mwaka 1954 kitabu kizima cha kuwaonyesha wanafunzi insha, Kielezo cha Insha. Mtu wa kimo chake aliona kazi hiyo inastahili muda wake.

Na tufikirie yale ambayo hayakuelezwa. Mgodi wa Shinkolobwe uko karibu na Likasi. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka kwenye shimo lile. Vitabu vingi vimeandikwa juu yake, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa, na watu ambao wengi wao hawakukulia hapa. Mtoto wa Likasi akitaka kusoma kwa Kiswahili, kwa kurasa chache zilizo wazi, jiwe la jirani yake lilifikaje huko, atazitafuta sana. Nani ataziandika? Ataziandika mtu ambaye leo ana miaka kumi au kumi na miwili, akifundishwa.

Nirudi kwa msomaji, maana nilisema maelezo yanahitaji msomaji asiyejua. Hapo Koni ina shida yake: kila mtoto darasani ameuona mtambo, na mwalimu vilevile. Ukimweleza mtu anachokijua, unaruka mambo, naye anakubali kwa kichwa. Ndiyo sababu naleta ombi la kubadilishana karatasi kati ya Koni na Likasi.

Wazo hili limejaribiwa zamani na lilizaa matunda. Katika miaka ya 1920, mwalimu mmoja wa Ufaransa aitwaye Célestin Freinet, aliyekuwa akifundisha watoto wa kijiji cha Bar-sur-Loup katika milima ya kusini, alipata mashine ndogo ya kupiga chapa akaiingiza darasani. Watoto waliandika juu ya kazi na mambo ya kijiji chao na kuyapiga chapa wenyewe. Mwaka 1926 wakaanza kubadilishana kurasa hizo na watoto wa Trégunc, kwenye pwani ya Brittany, kwa mwalimu René Daniel. Wa milimani hawakujua maisha ya wavuvi wa bahari. Wa pwani hawakujua maisha ya mlimani. Kila upande ulikuwa na la kueleza na hamu ya kuelezwa. Waalimu wetu waliosoma pedagojia wanalijua jina la Freinet kutoka kwenye mitihani. Naomba tulitoe kwenye mitihani, tulilete darasani.

Koni haihitaji mashine ya chapa. Inahitaji karatasi, bahasha moja kubwa na mtu anayekwenda mjini. Watoto wa Koni waeleze maji, turbini, samaki na makala. Watoto wa Likasi waeleze soko, reli, chokaa ya Kakontwe, na shaba: jinsi mawe yanavyosagwa, yanavyoyeyushwa kwa asidi, na jinsi umeme unavyoivuta shaba kutoka kwenye maji yale mpaka ikaganda kwenye mabamba. Mtoto wa Koni atakapojua kwamba mitambo ya mto wake ilijengwa kwa ajili ya kazi kama hiyo, na mtoto wa Likasi atakapojua shaba ya kwao inaanza na maporomoko asiyowahi kuyaona, watakuwa na sababu ya kuandikiana mwaka mzima.

Kwa wenye maduka ya vifaa Likasi, na kwa makampuni yanayochimba na kusafisha madini katika ardhi hii: karatasi, biki na makasha ya kuhifadhia kazi za watoto ni vitu vidogo kwenu na vikubwa kwa darasa. Toeni kwa direkta wa shule, hadharani, wazazi wakiona. Na nyinyi wa redio za Likasi, mkitenga dakika tano kwa juma kusoma aya moja ya mtoto, mkataja darasa lake na kijiji chake, mtampa mwandishi mdogo wasikilizaji ambao hakuna mwalimu awezaye kumpa.

Waalimu, najua mnajiuliza nani atasahihisha aya sitini. Msisahihishe sitini. Chukueni kaye kumi kwa siku, mkizungusha, na katika kila aya tazameni jambo moja tu. Juma hili mnatazama kama sentensi ya kwanza inasema kitu. Juma lijalo mnatazama mpangilio. Tahajia ina juma lake. Mtoto aliyerudishiwa ukurasa mwekundu mzima hajui aanzie wapi, aliyeulizwa swali moja pembeni, "maji yanaingia wapi?", anajua la kufanya. Kazi nyingine waachieni watoto: wakae wawili wawili, mmoja asome, mwingine aweke alama ya kuuliza mahali asipoelewa. Wataizoea haraka, na mtashangaa jinsi wanavyokuwa wakali kuliko nyinyi. Mwanzoni mtapata aya fupi, kavu, zinazoishia njiani. Zipokeeni. Aya fupi ambayo ni ya mtoto mwenyewe ina thamani kuliko ukurasa ulionakiliwa bila kosa.

Na sasa wazazi, hasa nyinyi mnaosema, "Mimi sikusoma, nitamsaidiaje?" Katika kazi hii nyinyi ndio wasaidizi bora. Jioni, baada ya bukari, mwambieni mtoto asome alichoandika. Msitazame herufi. Sikilizeni tu, na mahali mliposhindwa kufuata, mwambieni: hapo sijaelewa, rudia. Basi. Mtoto atajaribu kueleza kwa mdomo, na kwa mdomo ataeleza vizuri zaidi, kisha mwambieni ayaandike maneno hayohayo. Mzazi aliyesoma sana anaweza kujaza mapengo kichwani mwake bila kujua, akasifu aya isiyoeleweka. Mzazi asiyesoma hamdanganyi mtoto wake, asipoelewa, hajaelewa. Nimeona watoto wakirekebisha aya kwa ajili ya bibi asiyejua kusoma, wakapata aya safi kuliko zilizopita mikononi mwa walimu watatu.

Tuanze na mwezi wa kwanza wa muhula. Kila darasa la tano na la sita la Koni lichague kitu kimoja kinachoonekana kutoka mlangoni mwa shule. Juma la kwanza watoto wakieleze kwa mdomo tu, wakiulizana. La pili waandike. La tatu mgeni mmoja aje, fundi, mvuvi au mama wa soko, aulizwe yale yaliyobaki, na aya ziandikwe upya. La nne bahasha iende Likasi. Waalimu wa Likasi mtakaoipokea, msiijibu kwa sifa. Jibuni kwa maswali, angalau matatu kwa kila aya, yakiwa yameandikwa na watoto wenyewe, na pamoja nayo mtume aya zenu juu ya shaba ya Shituru, maana darasa la Koni litakuwa likizingoja.